UZI: The Barretts of Wimpole Street (1934), baba asiyepiga kelele na nyumba inayotetemeka

Mwandiko (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila tukianza kuzungumzia filamu za baba mkali humu jukwaani, majina yanayotajwa ni ya baba mwenye mkanda mkononi au baba anayefukuza mabinti usiku wa manane. Leo naomba tumchambue baba wa aina nyingine, ambaye kwa maoni yangu anatisha kuliko hao wote: Edward Moulton-Barrett, alivyoigizwa na Charles Laughton katika The Barretts of Wimpole Street, filamu ya studio ya MGM ya mwaka 1934. Mzee huyu karibu filamu nzima anaongea taratibu. Anasali na bintiye kabla hajalala. Na watu wazima tisa ndani ya nyumba hawawezi kumaliza kicheko wakisikia hatua zake.

Kwa ambao hawajaiona: ni London, 1845, nyumba namba 50 Wimpole Street. Baba ni mjane mwenye mabinti watatu na wavulana sita, wote wakubwa, na amri ya nyumba ni moja, hakuna kuoa wala kuolewa. Sababu haitolewi. Elizabeth, binti mkubwa (Norma Shearer), ni mshairi mwenye jina na mgonjwa wa muda mrefu, maisha yake yote yako kwenye kochi la chumba cha juu. Mdogo wake Henrietta (Maureen O'Sullivan) anapendana kwa siri na ofisa wa jeshi, Kapteni Surtees Cook. Kisha anaingia mshairi Robert Browning (Fredric March), ambaye wamekuwa wakiandikiana barua na Elizabeth, na mgonjwa anaanza kupata nguvu. Hapo ndipo mkasa unapoanza hasa, kwa sababu binti anayeweza kutembea anaweza pia kuondoka.

Muongozaji ni Sidney Franklin, mtayarishaji ni Irving Thalberg, mume wa Shearer. Inatokana na tamthilia ya Rudolf Besier iliyoanza Malvern, Uingereza, mwaka 1930, na mwaka uliofuata ikapata umaarufu mkubwa Broadway ikiwa na Katharine Cornell. Filamu ina dakika 109. Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora na ya mwigizaji bora wa kike, zote mbili zikachukuliwa na It Happened One Night na Claudette Colbert wake.

Naanza na sini ya bia, kwa sababu ndani yake mna filamu nzima. Elizabeth ameagizwa kunywa porter, bia nyeusi nzito, kama dawa. Inamchefua, haiwezi. Wadogo zake wanamhurumia. Baba anapoingia na kukuta bia haijanyweka, hatukani wala hamshiki taya. Anachofanya ni kuleta habari ya upendo: anayempenda baba yake hawezi kumwogopa, na anayekataa amri ndogo kama hii basi upendo wake una walakini. Msomaji wa Biblia ataona jinsi 1 Yohana 4:18, pendo lililo kamili huitupa nje hofu, linavyopinduliwa. Badala ya upendo kuondoa woga, binti anadaiwa afiche woga wake ili athibitishe kwamba anapenda. Mwisho anainywa. Tazameni Laughton anavyoridhika baada ya hapo. Haoneshi furaha ya mshindi, anaonesha upole wa mtu aliyerudishiwa haki yake.

Hoja yangu ni hii: Barrett anatisha kwa sababu haamini kwamba yeye ni mkatili. Kila anachowanyima wanawe anakihesabu kuwa ni ulinzi. Mwigizaji akimcheza kama mtu anayejijua kuwa ni mbaya, filamu inakufa. Karibuni.

Fundi Taa

Mkuu umefungua uzi mzuri, naongezea upande wa kamera na mpangilio.

Mpiga picha ni William Daniels, yule aliyempiga Greta Garbo katika filamu zake nyingi. Skrini ya wakati ule ni karibu mraba, 1.37 kwa 1. Chumba kimoja, kochi, dirisha, mlango. Umbo hilo la skrini linabana watu: ukiwaweka wawili ndani, mmoja amelala na mwingine amesimama, tayari una picha ya mamlaka kabla hakujasemwa neno. Elizabeth yuko chini na kila anayeingia anakuwa juu yake. Kaka zake na dada zake wanainama au wanakaa ili wawe sawa naye. Baba anapobaki amesimama, unaelewa.

Ndiyo maana ile sini ya Elizabeth kuinuka na kujikokota hadi dirishani amwone Browning akiondoka inapiga moyo. Ukiitoa kwenye filamu na kuisimulia, ni mwanamke anayetembea hatua chache chumbani kwake. Kwa kuwa tumezoea kumwona chini, kule kusimama peke yake ni tukio.

Kwa wanaopiga filamu fupi zenye baba wa aina hii na wana chumba kimoja tu, mambo ya kuzingatia:

Weka kamera usawa wa macho ya aliyelala, sentimita 60 hadi 70 kutoka sakafuni. Baba akiingia, usiinue kamera kumfuata usoni. Mwache aonekane kifua na mikono kwanza, uso uje anapoamua kukaa. Wengi hukosea hapa kwa kukimbilia uso, na woga wote unayeyuka kwa sababu mtazamaji ameshamwona ni mtu kama watu.

Hatua za ngazini zianze sekunde sita hadi nane kabla ya mlango kufunguka. Zirekodi kando, kiatu cha soli ngumu juu ya mbao. Ukirekodi kwenye chumba chenye vigae utapata mwangwi, sauti itaonekana inatoka bafuni. Tundika blanketi nzito kwenye kuta mbili zinazotazamana.

Watu waliokuwa wakicheka chumbani wasinyamaze wote kwa pamoja. Wakinyamaza kwa mpigo, inaonekana wamehesabiwa moja, mbili, tatu. Mmoja, tena mdogo wao, achelewe kidogo tu, neno lake la mwisho libaki likining'inia hewani. Nusu sekunde hiyo inafanya kazi kuliko muziki wowote.

Halafu muziki: usiweke chini ya maneno ya baba. Muziki unamwambia mtazamaji amwogope, na baba huyu anatakiwa aogopwe bila kuambiwa.

Sharifa wa Kale

Ahsanteni. Mimi naleta historia, maana hawa walikuwa watu kweli na filamu imechukua baadhi ya mambo, mengine imeyaacha.

Edward Barrett Moulton-Barrett alizaliwa Jamaika mwaka 1785, kwenye ukoo wa matajiri wa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Nyumba yao ya Cinnamon Hill haiko mbali na Montego Bay. Alipelekwa Uingereza akiwa mtoto. Baadaye akajenga jumba kubwa la Hope End huko Herefordshire. Mkewe Mary alifariki 1828, mali ya Jamaika ikapungua kwa kesi za urithi, na 1832 familia ikalazimika kuondoka Hope End. Wakahamahama, na mwaka 1838 wakatua Wimpole Street.

Watoto walikuwa 12. Binti aliyeitwa Mary kama mama yake alikufa mdogo. Mwaka 1840 peke yake uliondoa wawili: Samuel alifia Jamaika mwezi Februari, na Edward, kaka ambaye Elizabeth alimpenda kuliko wote, alizama baharini Torquay mwezi Julai. Elizabeth alikuwa Torquay kwa matibabu na kaka alibaki huko kwa ajili yake, kwa hiyo alijilaumu. Ndio wakabaki wale tisa tunaowaona kwenye filamu. Ukijua hayo unaielewa ile nyumba vizuri zaidi: ni nyumba yenye msiba juu ya msiba, na baba aliyeona mali, mke na watoto vikimponyoka mkononi. Hilo halimpi haki, lakini mwigizaji anayemwandaa mhusika huyu akiacha vifo hivyo anakuwa na nusu ya mtu.

Barua ya kwanza ya Browning ni ya tarehe 10 Januari 1845. Walikutana ana kwa ana 20 Mei mwaka huohuo, Elizabeth akiwa na miaka 39 na Browning 33. Walifunga ndoa 12 Septemba 1846 katika kanisa la parokia ya St Marylebone, mashahidi wakiwa wawili tu: Wilson, mtumishi wa Elizabeth, na binamu wa Browning. Elizabeth alirudi nyumbani kwa baba yake kana kwamba hakuna kilichotokea, akakaa wiki nzima, kisha tarehe 19 wakaondoka kuelekea Ufaransa na baadaye Italia. Filamu imebana mambo hayo na kugeuza mpangilio wake: kwanza anatoroka nyumbani, kisha ndoa inafungwa mwishoni kabisa. Kwa filamu ni sahihi. Ile wiki ya kukaa na siri ni tamu kuisoma lakini ingekata mwendo.

Baba hakusamehe. Barua za bintiye zilirudishwa bila kufunguliwa. Henrietta aliolewa na Surtees Cook mwaka 1850, naye akakatwa kwenye urithi. Kaka yao Alfred alipooa mwaka 1855, vivyo hivyo. Mzee alifariki Aprili 1857.

Na jambo moja ambalo filamu hailigusi: Elizabeth aliandika shairi kali la kupinga utumwa, The Runaway Slave at Pilgrim's Point. Binti wa mali ya utumwa alijua vema pesa za nyumba ile zilitoka wapi.

Ndovu Mpole

Uzi umenoga. Lakini naomba niwe upande wa baba kidogo. Binti ni mgonjwa kwa miaka, anatumia dawa nzito, hana nguvu za kushuka ngazi. Anakuja mwanaume mdogo wake kwa miaka sita, anataka kumbeba hadi Italia. Mzazi gani hatashtuka? Kwetu hapa hapa mzazi angekaa kikao na wazee. Je, filamu haijamwonea?

Mwandiko

Ndovu, swali lako ni zuri na filamu yenyewe inalijibu ikiwa utafuata suala la Italia. Madaktari ndio wanaosema binti asikae London wakati wa baridi, aende kwenye jua. Hapo baba anayelinda afya ya binti angefunga mizigo siku hiyohiyo. Yeye anakataa. Kuanzia hapo ulinzi na afya vimeachana njia, na kinacholindwa ni ule ukaaji wake kwenye kochi.

Na ukitaja kikao cha wazee, angalia kwamba Barrett hana mtu juu yake. Hakuna mjomba wala shangazi anayeweza kumwambia neno. Daktari akisema, anapuuzwa. Mwandishi amemwondolea kila mtu ambaye angeweza kumketisha chini, na ni ufundi wa makusudi. Ukiandika mkasa wako ukamwachia baba kaka mkubwa au mama mzazi aliye hai, mtazamaji atauliza kila dakika: kwa nini wasimwite?

Sharifa wa Kale

Na katika historia suala la Italia ni kweli. Majira ya vuli ya 1845 daktari alishauri Pisa, baba akagoma. Wengi wanaoandika maisha ya Elizabeth wanaona hapo ndipo imani yake kwa baba ilipovunjika.

Tena, Ndovu, alikuwa na fedha zake mwenyewe za urithi. Hilo ni muhimu sana kwa hesabu za mkasa. Kaka zake walitegemea posho ya baba, Henrietta hakuwa na chake, Kapteni Cook hakuwa tajiri. Ndiyo maana dada mgonjwa asiyeweza kushuka ngazi anaondoka kwanza, na dada mzima mwenye miguu imara anabaki miaka minne zaidi.

Bahari Shwari

Naombeni ufafanuzi. Nimeona watu wakisema kuna jambo la aibu kati ya baba na binti ambalo filamu inalificha. Ni kweli lipo au ni watu wa siku hizi wanajiongezea?

Mwandiko

Lipo, na halikuongezwa na watu wa leo. Tamthilia ilishaliweka pale. Ila angalia tarehe. Kuanzia Julai 1934 ofisi ya udhibiti ya Joseph Breen ndiyo iliyoanza kubana filamu za Marekani kikweli, bila cheti chake filamu haiendi kwenye majumba makubwa. Filamu hii ilitoka Septemba mwaka huo. Maneno yaliyokuwa wazi mno yalipunguzwa. Husimuliwa kwamba Laughton alisema hawawezi kukata mng'aro ulioko machoni mwake. Awe alisema hivyo au la, ukitazama ndivyo alivyofanya.

Yafuateni mambo matatu. La kwanza ni binamu Bella, yule msichana mwenye kithembe na madaha. Anapokuwa karibu na mjomba wake, mzee anabadilika. Bella ndiye mgeni pekee anayeona na kusema waziwazi kwamba kuna kitu si cha kawaida, na mwandishi amempa kazi hiyo mhusika ambaye wote wanamdharau kuwa hana akili. Ujanja mkubwa huo.

La pili ni sini ya Henrietta na Biblia. Baba anamkuta na Kapteni chumbani kwa Elizabeth, anambana Henrietta mkono na kumlazimisha aape kwenye Biblia kwamba hatamwona tena. Hapa ndipo mahali pekee anapotumia nguvu za mwili. Kwa kuwa saa nzima amekuwa mpole, kukamata kifundo cha mkono tu kunatosha kumshtua mtazamaji kuliko vipigo kumi.

La tatu ni mazungumzo ya mwisho na Elizabeth. Anafungua moyo, anaeleza ndoa yake na mkewe, jinsi upendo ulivyogeuka woga, na jinsi alivyoapa kwamba wanawe hawatapitia huko. Anamvuta Elizabeth karibu, anataka wabaki wao wawili. Shearer hafanyi jambo kubwa, uso wake tu unaelewa. Mpaka dakika hiyo alidhani anamkimbia baba mkali. Sasa anajua anakimbia kitu kingine, na hakai hata usiku mmoja zaidi.

Kinara

Kuhusu umri, hebu fikirieni: Laughton alizaliwa 1899, Shearer 1902. Baba amemzidi binti miaka mitatu. Na March, anayeigiza kijana mchumba, alizaliwa 1897, yaani mchumba ni mkubwa kuliko baba mkwe. Mbona hatulioni?

Fundi Taa

Hatulioni kwa sababu Laughton hakutegemea vipodozi. Sharafa nene na nguo nyeusi zipo, ndiyo, lakini uzee ameuweka kwenye mwendo. Shingo haigeuki peke yake, mwili mzima unageuka nayo. Hana haraka ya kumtazama anayeongea naye. Mikono inakaa mahali pamoja muda mrefu. Wanaocheza wazee huku kwetu hukimbilia mkongojo, kukohoa na mgongo uliopinda, na baba wa namna hii hatakiwi kuonekana dhaifu hata kidogo. Mwigizaji wa miaka 35 anayetaka kuigiza baba wa 60 ajaribu kupunguza mienendo kwanza: kila analolifanya kwa miendo mitatu alifanye kwa mmoja.

Na mtazameni pia Una O'Connor, Wilson mtumishi. Anavuka chumba bila hatua kuonekana chini ya gauni. Mwili wa mtu aliyefundishwa kutosikika ndani ya nyumba hiyo.

Ndovu Mpole

Nimekuelewa, Mwandiko, kwenye suala la Italia sina la kujibu. Sasa nisaidieni: kuna toleo la rangi pia. Lipi la kuanza nalo?

Kinara

Anza na la 1934. La pili ni la 1957, na cha kushangaza muongozaji ni huyohuyo Sidney Franklin, ikawa filamu yake ya mwisho. Jennifer Jones ni Elizabeth, John Gielgud ni baba, Bill Travers ni Browning. Ni dakika 105, ya rangi, skrini pana ya CinemaScope, ilipigwa Uingereza. Haikufanya vizuri sokoni.

Tatizo lake la kwanza ni hiyo skrini. Fundi Taa kaeleza jinsi mraba unavyobana. Ukiwa na picha ambayo upana wake unazidi mara mbili ya kimo, chumba cha mgonjwa kinakuwa ukumbi. Kuna nafasi kila upande wa kochi, fanicha nzuri, rangi nzuri, mtu hajisikii amefungwa. Tatizo la pili ni kwamba maneno mengi ni yaleyale ya mwanzo, na miaka 23 imepita, uigizaji umebadilika.

Ila Gielgud si wa kupuuza. Baba yake ni baridi tupu. Laughton ana joto linalofukuta chini kwa chini, Gielgud ni barafu, sauti kavu yenye adabu. Mimi namwona Laughton anafaa zaidi kwa sababu mazungumzo ya mwisho yanahitaji mtu mwenye njaa ndani yake, lakini anayesomea uigizaji atazame hao wawili kwenye sini ya bia, mmoja baada ya mwingine. Maneno karibu sawa, watu wawili tofauti kabisa.

Na kwa majirani wa Kenya: Henrietta wa 1957 ni Virginia McKenna. Yeye na Bill Travers walioana mwaka huohuo, na ndio waliokuja kuigiza Joy na George Adamson katika Born Free ya 1966, iliyopigwa Kenya. Kwa hiyo Browning na shemeji yake wa Wimpole Street ndio walioishia na simba aitwaye Elsa.

Bahari Shwari

Mbona hamjaigusa The Heiress? Baba naye pale anazuia ndoa.

Mwandiko

Ni ndugu yake, ila baba ni wa aina nyingine. The Heiress ni ya 1949, muongozaji William Wyler, Ralph Richardson ni Dokta Sloper, Olivia de Havilland ni Catherine. Sloper hamng'ang'anii binti kwa kumpenda kupita kiasi. Anamdharau. Anamlinganisha na mama yake marehemu na kumwona hafai, hivyo anaamini mwanaume yeyote anayemtaka anataka pesa. Na shida ya hadithi ile ni kwamba kuhusu mchumba huyo, baba yuko sahihi. Browning hana doa, kwa hiyo kwenye Barretts uamuzi wa mtazamaji ni mwepesi. Kwenye The Heiress unatoka umemkasirikia baba aliyesema kweli.

Kwa mwandishi wa skripti hapo pana chaguo la kufanya mapema kabisa, kabla ya ukurasa wa kwanza: je, baba anakosea kuhusu mchumba, au anakosea kuhusu binti? Ukichanganya yote mawili bila kujua, sini ya katikati itayumba, maana hutajua mtazamaji amwombee nani.

Kinara

Nakazia. Na ngazi! Filamu zote mbili zinatumia ngazi kama kipimo. Elizabeth kushuka ni uhuru. Catherine, baada ya mchumba kutotokea, anapanda na mizigo yake na ule upandaji ndio unaomgeuza mtu mwingine. Wyler alimrudisha de Havilland kwenye ngazi hizo mara nyingi, na sanduku likatiwa uzito ili mkono uvute kweli. Sanduku tupu linaonekana tupu, kila mtu hulijua. Kwenye filamu zetu ni kosa la kila siku: msafiri anabeba begi kwa vidole viwili. Tia vitabu kilo 12, bega litashuka lenyewe na mwigizaji hatahitaji kuambiwa achoke.

Sharifa wa Kale

Kabla hatujaondoka Wimpole Street, tumguse Flush. Mbwa wa aina ya spaniel, alipewa Elizabeth na rafiki yake mwandishi Mary Russell Mitford mwaka 1841. Kwenye filamu ndiye anayebeba pigo la mwisho. Baba anagundua Elizabeth ameondoka. Halii, hakimbii mlangoni. Anamwagiza mwanawe Octavius amchukue mbwa akauawe. Henrietta ndiye anayemjibu, na furaha imemjaa usoni: kwenye barua yake, Elizabeth amesema ameondoka na Flush.

Tazama kazi inayofanywa na jibu hilo. Baba ametafuta kitu chochote cha bintiye kilichobaki ndani ya nyumba ili akiumize, na hakuna. Mwandishi hakumpa adhabu, hakumwangusha kwa ugonjwa, hakumletea askari. Amemwacha na nyumba.

Historia ya Flush ni ya ajabu zaidi. Wezi wa mbwa wa London walimwiba mara tatu wakidai fedha. Mara ya tatu ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 1846, siku chache kabla ya ndoa. Baba hakutaka fedha ilipwe. Elizabeth alipanda gari la farasi pamoja na Wilson, akaenda mwenyewe hadi Shoreditch, mtaa wa hatari, kumtafuta mkuu wa wezi. Mwisho kaka yake Septimus ndiye aliyelipa na mbwa akarudi. Mgonjwa wa kochi alishatoka nyumbani kumkomboa mbwa kabla hajatoka kuolewa. Natamani filamu ingelichukua hilo.

Fundi Taa

Na mimi natamani, ila naelewa kwa nini waliliacha. Lingetutoa kwenye chumba mapema mno, na ule mtoko wa mwisho ungekuwa mtoko wa pili.

Bahari Shwari

Swali langu la mwisho. Kikundi chetu cha maigizo kina waigizaji wawili wa maana, mzee mmoja na dada mmoja, tunataka zoezi moja kutoka humu. Bia au mazungumzo ya mwisho?

Mwandiko

Bia. Mazungumzo ya mwisho yanadai mtu mzima aliyebobea, na yakichezwa vibaya yanageuka kichekesho au aibu. Bia inajifundisha.

Chukueni kikombe kikubwa cha chuma, si glasi, ili watazamaji wasione kimebaki kiasi gani. Ndani wekeni kitu kichungu kweli, shubiri kidogo kwenye maji au chai ya mwarobaini iliyopoa, kiasi cha mililita 200. Asiigize uchungu, apambane nao. Mwanzo baba akae mbali, karibu na mlango. Asogee mara tatu tu, na kila mara asogee baada ya kusema jambo la upole, kamwe si baada ya kusema la ukali. Kikombe kikae mezani, mikono ya baba isikiguse. Binti mwenyewe ndiye akichukue.

Rudieni mara ya pili baba akiruhusiwa kupaza sauti. Mtaona dada anapata pa kushika: akipigiwa kelele anaweza kukataa, anaweza hata kulia. Rudieni tena kwa upole, mzee akiambiwa aamini kwa moyo wote kwamba kikombe kile ni dawa na kwamba yeye ndiye mtu pekee nyumbani anayejali binti apone. Zoezi zima ni dakika nne hadi tano. Likifika saba, mzee anafurahia mno kunyamaza kwake, mwambieni apunguze.